MikroTik hAP lite nyuma ya ruta ya kampuni: uzoefu wangu, Fuoni, Zanzibar

Ruta niliyofungiwa na kampuni ya intaneti ilikuja na DNS yao (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba ya IP, yaani anwani yake), na sehemu ya kuibadilisha imefifia, haibonyezeki. Huduma kwa wateja wakanijibu, "Kaka, hiyo imewekwa na kampuni, haibadilishwi." Mie nilitaka kitu kidogo tu: DNS ya 1.1.1.3 ya Cloudflare, inayozuia kurasa za ngono na za virusi, maana watoto hawabanduki kwenye televisheni ya ukumbini.

Nikaiandika kwenye televisheni yenyewe. Ikakubali, lakini kurasa za kuzuiwa zikafunguka vile vile. DNS ya kawaida hupita bandari (mlango wa data) ya 53 bila kufichwa, kwa hiyo mtoa huduma anaweza kuidaka njiani akajibu yeye, uandike namba uitakayo.

Ndipo nikanunua hAP lite, ruta ndogo ya MikroTik, Darajani. Waya kutoka ruta ya kampuni nikauchomeka tundu la kwanza, waifai ya kampuni nikaizima, nyumba nzima ikahamia huku. Tangu toleo la 6.47 la mwaka 2020, RouterOS, mfumo unaokiendesha kidude hiki, inaweza DoH, yaani maswali ya DNS yanapita ndani ya HTTPS (njia ya siri ya tovuti) kwenye bandari ya 443. Hapo kampuni wakashindwa kuyadaka.

Kilichonitoa jasho ni umeme. Kidude hiki hakina betri ya saa. Umeme ukikatika, kinawaka kikidhani tupo 1970. Kwa tarehe hiyo cheti cha HTTPS, kinachothibitisha kuwa seva ni yenyewe, hakijaanza kufanya kazi, DoH inagoma. Saa nayo hairekebishiki, kwa kuwa jina la seva ya saa linatafutwa kwa DNS hiyo hiyo! Dawa yake ni kuandika seva ya saa kwa namba ya IP, si kwa jina. Uzuri mwengine, kinatumia umeme wa USB, hivyo pawabenki ya simu inakiweka hai na saa haipotei.

Waifai yake ni 2.4 GHz peke yake, na chumba cha nyuma inafika hoi. Winbox, programu ya kukipangia, nayo haina huruma na mgeni. Tafuta kijana anayeijua. Na mwenye bando lake kwenye simu humzuii kwa hiki.

Ikiwa unachotaka kulinda ni simu moja tu, usitoe pesa. Android kuanzia 9 ina sehemu ya DNS ya faragha: andika family.cloudflare-dns.com, hifadhi, basi.