Tulipu za Lisse: siku ya kwanza na kampuni, ya pili kivyetu

Nimeenda Keukenhof, ile bustani ya maua ya tulipu huko Lisse, Uholanzi, siku mbili mfululizo, jambo ambalo hakuna mtu mwenye akili timamu hulipanga. Ilibidi, kwa sababu siku ya kwanza iliharibika.

Ilikuwa mwishoni mwa Aprili, nikiwa na Mama. Nililipia ziara ya nusu siku ya kampuni moja ya watalii jijini Amsterdam, ambayo sitaitaja. Tangazo lao lilikuwa na picha ya mashamba yenye mistari myekundu, ya njano na ya zambarau hadi macho yanapokomea. Basi lilichelewa dakika 40. Mwongozaji, maskini, alijitahidi kutusahaulisha kwa kisa cha Waholanzi wa karne ya 17 waliouziana kwa bei za ajabu matunguu ya tulipu (yale mafundo kama vitunguu ambayo ua huchipua kutoka kwayo) yakiwa bado ardhini, hadi soko likaanguka Februari 1637. Alichoacha ndicho kinachonifurahisha zaidi: zile tulipu ghali zenye michirizi kama ndimi za moto zilikuwa zinaumwa. Michirizi ililetwa na kirusi kinachosambazwa na vidukari!

Tukashushwa getini karibu saa sita, pamoja na mabasi mengine yote ya dunia, tukapewa saa mbili na nusu. Bustani ina hekta 32, na kila vuli hupandwa humo matunguu yapatayo milioni saba, kwa mkono. Mama anatembea polepole, na kila kitanda cha maua lazima asimame. Hatukufika hata kwenye kinu cha upepo. Na yale mashamba ya kwenye picha? Tuliyaona dirishani, basi likikimbia.

Hapa ndipo wengi wanapodanganyika, nami nilidanganyika. Bustani na mashamba ni vitu viwili. Keukenhof ni kama duka la maonyesho, maua yamepangwa kama mkeka uliosukwa kwa rangi. Mistari mirefu iko nje, kwenye mashamba ya wakulima, na huruhusiwi kuingia katikati ya matuta ili upigwe picha. Utakanyaga mali ya mtu, na viatu hubeba magonjwa ya mimea kutoka shamba hadi shamba.

Kesho yake tulipanda treni hadi Leiden, mji ambao mtaalamu wa mimea Carolus Clusius alianza kazi kwenye bustani ya chuo kikuu mwaka 1593 na kupanda tulipu zake. Stesheni hapo kuna basi la 854 linalofika hadi getini, na ipo tiketi moja inayojumuisha basi na kiingilio. Inunue mapema mtandaoni maana ina saa yake ya kuingia. Sisi tulichukua ya saa mbili asubuhi, bustani inapofunguliwa. Umande ulikuwa bado juu ya maua, tulipu zimefumba kama ngumi za watoto, na hiasinti zinanukia hadi unahisi utamu kooni. Kinu cha upepo (cha mwaka 1892, kilihamishwa kutoka Groningen, kaskazini mwa nchi) tulikipanda bila foleni. Kutoka juu, mashamba yote haya hapa.

Mchana tukatoka kuyafuata kwa miguu. Shamba la kwanza lilikuwa na mashine inapita juu ya matuta ikikata vichwa vya maua, tena mazuri, yamechanua kabisa. Nyuma yake vimebaki vikonyo vya kijani tu, na kando ya mfereji lundo la petali nyekundu linaanza kunyauka. Mama alisimama kana kwamba ameona mtu anachinja tausi.

"Mwanangu, wanayakata ya nini?"

Nikamweleza kuwa mkulima anauza tunguu. Ua likiachwa linajitengenezea mbegu, na chakula kile kile ndicho kingenenepesha tunguu chini.

Akafikiri kidogo. "Kumbe tumepanda ndege kuja kutazama wanachotupa."

Ziara ya kampuni naipa nyota mbili, moja yake ni ya mwongozaji. Bustani nyota tano. Ila ukitaka mashamba yakiwa na maua yake, usisubiri Mei kama tangazo linavyokushawishi. Bustani hufunguliwa hadi katikati ya Mei, lakini mashine haziisubiri.

Mama aliokota kichwa kimoja kilichodondokea njiani, akakinusa.

"Mbona halinukii?"

Hata hivyo alilifunga kwenye leso akalitia mkobani.