SIX ya London: shoo kali, ila ukumbini ndo kuna mambo

Haya jamani, mliokuwa mnaniuliza kuhusu SIX, ile shoo ya muziki ya wake sita wa Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza, nimeenda, nimerudi na sauti sina. Nilikwenda na binti yangu wa miaka 14, ambaye nyimbo zote anazo kichwani maana hapa nyumbani zimepigwa mpaka nimezichukia kabla hata sijaiona shoo yenyewe, tukakaa Vaudeville Theatre pale Strand, viti vya juu katikati, pauni 45 kila kimoja. Niseme mapema, ukienda na akili ya kuangalia tamthilia utarudi umenuna. Nenda kama unakwenda konsati.

Kwa asiyeijua, ni hivi. Mume mmoja, wake sita kwa zamu: Catherine wa Aragon, Anne Boleyn, Jane Seymour, Anna wa Cleves, Katherine Howard na Catherine Parr. Wawili aliwaacha, wawili aliwakata vichwa, mmoja alifariki baada ya kujifungua, wa mwisho yeye ndo akamzika mume. Kwenye shoo wote wamefufuka wameunda kundi la muziki, kila mtu na maiki mkononi na rangi yake, wa njano, wa kijani, wa pinki na kadhalika, na wanatafuta nani awe kiongozi. Sifa ya uongozi ni moja tu, nani kateswa zaidi na yule baba. Basi kila mmoja anasimama anamwaga yake, na wenzie wanamkata kauli, na sisi watazamaji ndo majaji. Henry mwenyewe hatokei hata kivuli, hakuna mwanaume hata mmoja pale jukwaani, hata wanaopiga vyombo ni wanawake wanne wamesimama nyuma yao.

Mi nimekulia Temeke bana, dakika ya kumi haijafika nikasema hii mbona rusha roho, ile taarab ya vijembe! Wa umri wangu mnakumbuka miaka ya 90, waimbaji mahasimu, Khadija Kopa yuko kundi la TOT, Nasma Khamis yuko kundi la Muungano, mtu unatoka nyumbani kwenda ukumbini kusikia leo nani kajibiwa. Na raha ya taarab si mwimbaji peke yake, nusu ya shoo iko kwa wale wanaoinuka kwenda kutunza, unasubiri mstari unaomgusa mbaya wako aliyekaa meza ya pili, unainuka taratibu na noti yako, unamzunguka, ujumbe umefika na hujafungua mdomo. London hakuna kutunza, ila mayowe yanafanya kazi ileile. Boleyn akimkumbusha Aragon kwamba kuachwa si kitu ukilinganisha na kukatwa shingo, upande mmoja wa ukumbi unalipuka, Aragon akijibu unalipuka upande wa pili, na nakuhakikishia kuna wadada pale walikuwa na timu zao kabisa. Unawajua kwa nguo. Mabinti wamevaa kama malkia wao, vipande vya plastiki vinameta, vitaji vidogo kichwani, na si watoto tu, kulikuwa na mama wa makamo kavaa kijani chote kuanzia hereni mpaka viatu.

Mwanzo wenyewe, taa zimezimwa, vinatokea vivuli sita vimejipanga, hakuna aliyeimba bado, ukumbi mzima yowe. Na ukumbi wenyewe si mkubwa, haufiki hata viti mia saba, kwahiyo kelele inakuja yote kifuani. Mzee mmoja wa Kizungu aliyekuwa pembeni yetu na mkewe alishtuka mpaka kitabu cha programu kikamdondoka. Yule mzee hakucheka, hakupiga makofi zaidi ya yale ya adabu, mpaka mwisho kakaa vile vile kama kaitwa mahakamani. Mkewe ndo kamwachia mkoba na koti akasimama kucheza.

Anayependwa kuliko wote ni Anna wa Cleves, hapo usibishane na mimi. Kisa chake ni kwamba mchoraji Holbein alitumwa Ujerumani akamchore, mfalme akaipenda picha, bibi harusi alipofika akasema sivyo nilivyoonyeshwa. Ndoa ya Januari 1540, Julai imeshavunjwa, na akapewa jumba la kifalme la Richmond na mali zake akaishi kwa raha zake. Yaani yeye anaingia kwenye mashindano ya mateso hana mateso ya kuonyesha, anaishia kujisifia. Wanawake wa safu za nyuma yetu, ambao walikuja kundi kwa ajili ya bibi harusi mtarajiwa, tuseme kitchen party ya Kizungu, walipiga vigelegele vyao vya ajabu ajabu, na mmoja akapayuka "huyo ndo mimi!" watu wakacheka mpaka jukwaani wakacheka.

Hao hao wa kitchen party ndo nina ugomvi nao kidogo. Wimbo wa Jane Seymour ni wa polepole, wa kulia, anamwacha mtoto mchanga, na mmoja wao vinywaji vimeshapanda akaamua kuimba naye, tena kwa sauti kuliko mwenye wimbo. Kijana wa ukumbi akaja akamwinamia akamnong'oneza, akatulia. Uingereza hili jambo linawashinda kabisa, mwaka 2023 kule Palace Theatre ya Manchester onyesho la The Bodyguard lilikatishwa karibu na mwisho polisi wakaitwa kwa sababu ya watu waliong'ang'ania kuimba juu ya mwimbaji. Mi sioni shida mtu kuitikia, ila kuna kuitikia na kuna kumpora mtu maiki. Kwenye taarab mtunzaji anajua mpaka wake, anatunza anarudi kukaa, hazuii wimbo. Wimbo wenyewe wa Jane lakini, nisiwafiche, ulinichosha, watu wanatoa leso na mi nafikiria treni ya kurudi mji wa Reading.

Sasa nije kwa Katherine Howard, kwasababu hapa ndo nilielewa kwanini watu wanarudi mara ya pili na ya tatu. Wimbo unaanza wa kichokozi, pop ya kitoto ya kurembua macho, ukumbi unapiga miluzi, wengine wanapiga makofi kufuata mdundo. Ubeti wa kwanza ni mwalimu wa muziki. Wa pili ni karani. Halafu mfalme mwenyewe, mzee wa karibu miaka hamsini. Kila ubeti kiitikio ni kilekile na mdundo ni uleule, ila wenzie wanaocheza nyuma yake wanaanza kumshika, bega, kiuno, shingo, na yeye anaendelea kutabasamu mpaka tabasamu linamshinda. Na hapo ndo inakuingia, mbona huyu alikuwa mtoto, yule mwalimu alianza naye ana miaka kumi na tatu hivi. Alikatwa kichwa Februari 1542 na hata miaka ishirini haijulikani kama aliifikisha. Makofi hayakukatika mara moja, yalikufa yenyewe, safu hii, kisha safu ile, mwisho ukawa unamsikia mtu mmoja huko juu bado anapiga peke yake, naye akaacha. Waliopiga miluzi mwanzo, na mimi nikiwemo, hakuna aliyemwangalia mwenzie. Wimbo unaisha, kuna kama pumzi mbili hakuna kitu, ndo makofi yanakuja, na si yale ya mayowe, mazito. Nimeona shoo nyingi zinazotaka kukufundisha jambo kuhusu wasichana na wanaume wazima, hii haikunifundisha, ilinifanya nishangilie kwanza.

Binti yangu alikuwa anaujua ule wimbo neno kwa neno kwa mwaka mzima. Kwenye treni ndo ananiambia, mama, hivi mi nilikuwa naimba nini? Tukaongea mpaka Reading, na nikaongea naye mambo ambayo nilikuwa nayazungukazunguka tu. Kwa hilo peke yake pauni 90 zangu zimerudi.

Kinachoniudhi ni mwisho. Baada ya saa nzima ya kupigana vijembe, Catherine Parr anasimama anasema kwanini tunashindana kwa mateso, kwanini tunajulikana kwa mwanaume tu, na ghafla wote wanakubali, wanajitungia upya maisha, wimbo wa furaha, kwishnei. Wazo lenyewe zuri, ila limekuja mbio, na mi nikajiona kama nasutwa, maana hayo mashindano mmeyaleta nyie, tiketi nimenunua, nimeshangilia mlivyotaka nishangilie, sasa mnanigeukia? Binti anasema hiyo ndo maana yake hasa, hukuelewa mama. Tumeacha hapo. Na ni fupi, dakika 80 bila mapumziko, ukichelewa foleni ya choo imekula kwako.

Jambo lingine, maneno yanakwenda kasi na utani mwingi ni Kiingereza cha mtaani cha vijana wao, ongeza mayowe, kuna vichekesho watu wanaangua kicheko mi bado natafuta. Kama Kiingereza chako ni cha ofisini kama changu, sikiliza albamu kwanza.

Walioitunga, Toby Marlow na Lucy Moss, walikuwa wanafunzi wa Cambridge, ikaonyeshwa mara ya kwanza tamasha la Fringe la Edinburgh mwaka 2017. Broadway, kule New York, walipangiwa kuzindua tarehe 12 Machi 2020, siku hiyohiyo korona ikafunga kumbi zote, wakaja kuzindua rasmi Oktoba 2021, na 2022 wakabeba tuzo mbili za Tony, zile za maigizo ya Broadway, ya nyimbo na ya mavazi. Ya mavazi hata asingepewa mtu mwingine.

Mwisho kabisa wanakuruhusu utoe simu urekodi, ile sehemu ya kuunganisha nyimbo zote, watu wote wamesimama isipokuwa yule mzee wetu. Kabla ya hapo simu weka kwenye pochi.

Watoto chini ya miaka kumi mi nisingewapeleka, kuna mizaha ya chumbani mingi na utaulizwa maswali njiani. Mama mkwe pia fikiria mara mbili. Walio mbali na London, imerekodiwa na waigizaji wa mwanzo wa pale London na ikaonyeshwa sinema 2025, picha safi na maneno unayasikia yote, ila sinema haina wale wa kitchen party nyuma yako. Jumamosi jioni ndo kelele zaidi, asiyependa kelele achukue katikati ya wiki.