Dalali aliyemkabidhi mdogo wangu karatasi ya nyumba ninayonunua mimi

Kwa mnaotafuta nyumba ya kwanza Dar es Salaam kwa hela ya mshahara, nawaeleza kuhusu dalali aliyenipeleka kuona nyumba njia ya Kitunda, mbele kidogo kuelekea Kivule. Nampa sifuri. Nilisema nisubiri hasira zishuke ndiyo niandike, nimesubiri, hazijashuka.

Vyumba na vigae sivielezi, hayo madalali wote wanayapiga picha. Tangazo lilisema milioni 38, maongezi yapo, dakika tano kutoka lami. Dakika tano hizo ni za bodaboda, tena siku ambayo mvua haijanyesha. Hilo nilishalizoea, maana nimetafuta muda mrefu na nimeonyeshwa mengi: mapagale yaliyoota majani hadi dirishani, nyumba ya urithi ambayo ndugu wanagombana uani wakati mnunuzi amesimama sebuleni. Kwa hiyo sikwenda pale na macho ya mgeni.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Fedha yangu ni ya SACCOS na kikoba cha akina mama, tena ya kuweka kidogo kidogo kwa miaka. Nilimchukua mdogo wangu wa kiume anisindikize, kwa sababu si vizuri mtu kuzunguka peke yake mtaa asioujua. Kijana amemaliza kidato cha sita juzi tu, anasubiri matokeo. Hajawahi kupokea mshahara hata wa mwezi mmoja.

Tulipofika kituoni dalali alimpa mkono yeye. "Karibu sana bosi." Mimi nikaambiwa, "Sista, mambo."

Nikasema sawa, labda ni mazoea. Tukaanza kutembea. Nikamwuliza kama eneo limepimwa. Akamgeukia mdogo wangu: "Bosi, hapa hakuna shida, wote tuna leseni za makazi." Nikamwuliza ya nyumba hii inaisha lini, maana leseni ya makazi si hati miliki, ni ruhusa ya kukaa inayotolewa kwa muda mfupi, kati ya miezi sita na miaka mitano, kisha inahuishwa. Akamjibu mdogo wangu tena: "Hiyo ni kuhuisha tu, bosi, dakika sifuri." Nikauliza kama nyumba iko nje ya hifadhi ya barabara, yaani ile ardhi ya pembeni iliyotengwa kwa ajili ya barabara. Tangu mwaka 2017, nilipoona nyumba zikibomolewa kuanzia Kimara kwenda Kiluvya kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, watu wametoa magodoro nje na hawana pa kuyapeleka, hilo ndilo swali langu la kwanza kila ninakokwenda. Hakunijibu mimi wala bosi wake mpya. Alianza kumwonyesha mdogo wangu nguzo ya umeme.

Tukaingia ndani. Mwenye nyumba, mzee wa makamo, alikuwa amekaa kwenye kochi, kimya. Dalali akatoa kwenye mkoba karatasi ya makubaliano ya mauziano, imeshachapwa, imeachwa nafasi ya jina la mnunuzi na nafasi ya kiasi cha malipo ya awali. Akaiweka mkononi mwa mdogo wangu, na kalamu juu yake. Mdogo wangu akanitazama, akaninyooshea. Yule dalali akainyoosha mikono, akaichukua karatasi njiani kabla haijanifikia, akamrudishia. Akasema, "Hapana, kaka asome kwanza."

Hapo ndipo hasa panaponiuma. Nilimwambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mnunuzi ni mimi na hela ni yangu. Akacheka. Akaniuliza mbele ya mzee wa watu: "Kwani sista, mume wako yuko wapi? Mlete tuongee naye. Haya mambo ya mipaka na hati ni mazito, wanaume tunaelewana haraka."

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaanza na misingi yake, na pale pale mwanzoni, kifungu cha 3, imeandikwa kwamba mwanamke ana haki ya kupata ardhi, kuimiliki, kuitumia na kuiuza sawasawa na mwanamume, kwa masharti yale yale. Mtu anayekula kwa kuuza ardhi na nyumba hajui hata ukurasa wa mwanzo wa sheria ya kazi yake? Au anaujua na hajali? Ninaamini hajali.

Lakini nilikuwa bado sijaona kubwa. Nilitoka uani nipumue, nikamkuta mama mmoja anachambua mchicha kwenye ungo. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu. Mmekuja kwa ajili ya kile chumba cha mbele?" Nikamwuliza chumba gani. Akasema mume wake alimwambia kuna watu wanakuja kuangalia chumba cha mbele, wanataka kupanga wafungue duka la dawa. Alikuwa ameshakifagia na kutoa magunia yake ya mkaa ili wageni wasichafuke.

Nilishindwa kusema. Mama wa watu anafagia chumba, na huku ndani karatasi ya kuuza nyumba nzima ina kalamu juu yake. Nikamwambia ukweli kwa sababu nisingeweza kufanya vingine: "Mama, sisi tumeambiwa nyumba inauzwa." Aliuweka ungo chini. Hakupiga kelele. Aliingia ndani na mikono yake ina maji ya mchicha, akasimama mbele ya kochi, akamwambia mumewe, "Baba nanihii, unauza nyumba?" Na kabla mzee hajafungua kinywa, dalali ndiye aliyejibu: "Mama, wewe tuachie haya, tutakuita baadaye."

Atamwita baadaye kwenye nyumba yake mwenyewe.

Ndugu zangu mnaotafuta nyumba za bei yetu, hili si la huruma peke yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inasema nyumba ya familia haiuzwi wala kuwekwa rehani na mwanandoa mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Na akiuza hivyo hivyo kinyemela, yule mwenzake ana haki ya kuendelea kukaa humo mpaka ndoa ivunjwe au mahakama iamue vingine. Maana yake ningetoa hela yangu yote niliyoiweka SACCOS miaka yote ile, kisha nikahamia kwenye nyumba yenye mama ambaye sheria inamruhusu asitoke, na mimi mwenyewe nisingekuwa na uso wa kumwambia atoke. Dalali yeye angeshapata asilimia kumi yake kwa mzee na nyingine kwangu, simu haipokelewi.

Nilimwambia mdogo wangu aiweke karatasi mezani, tukaondoka. Dalali alitufuata mpaka nje. Mnajua alimwambia nani aache hasira? Mdogo wangu. "Bosi, mtulize dada."

Sasa nijaribu kutenda haki. Dalali huyu alifika kwa wakati, tena alitutangulia. Hakunidai hela ya kuonyeshwa nyumba kabla sijaiona, na wapo wengi wanaodai wakiwa bado kwenye simu. Nyumba yenyewe haikuwa ya uongo, ipo, na ni nzuri kuliko zote nilizoonyeshwa kwa bei hiyo: haiko bondeni, kuta hazina ufa, kisima kina maji, uani kuna mwembe unaotoa kivuli mpaka kwenye ngazi. Nilishaona pale pa kuweka meza ya kusahihishia madaftari. Kwa hiyo kwa kazi ya kutafuta nyumba, kutafuta tu, anastahili alama fulani. Tuseme nne kati ya kumi.

Hapana. Nimeandika nne na mkono umekataa. Ile karatasi ilikuwa inakuja kwangu, na aliichukua hewani. Sifuri inabaki.

Na kinachonikera zaidi ni kwamba tutawarudia tu hawa hawa. Mtu atasema nenda benki ukachukue mkopo wa nyumba, wakili wa benki atakukagulia kila kitu. Benki zetu nyingi zinataka hati miliki ndiyo zitoe mkopo wa nyumba, na nyumba za milioni thelathini na kitu huku Kivule, Chanika, Chamazi, nyingi ziko kwenye maeneo yasiyopimwa, hazina hati. Kwa hiyo mwenye mshahara mkubwa anayenunua nyumba yenye hati analipa taratibu kwa miaka kumi na tano, na mwalimu anayenunua isiyo na hati anatakiwa aje na hela yote mkononi siku moja. Tena bila mkaguzi, isipokuwa macho yake mwenyewe na dalali anayemwita mdogo wake bosi. Ndiyo maana maswali yangu hayakuwa ya kujionyesha. Sina mtu mwingine wa kuniulizia.

Mimi sasa nina utaratibu wangu na sipunguzi hata kimoja: mwenye nyumba akiwa na ndoa, wote wawili wakae mbele yangu na wote wasaini mbele ya wakili niliyemlipa mimi, si wakili "wa pale ofisini kwetu". Majirani wa mipaka yote niwasalimie mwenyewe. Penye hati, upekuzi wa kujua nani mmiliki ufanyike kwa Msajili wa Hati kabla ya shilingi moja kutoka. Penye leseni, niione ya kwanza kabisa na ya sasa, si picha ya simu.

Majuzi dalali amenitumia ujumbe. Bei imeshuka hadi milioni 34, mama ameshaelewa, njoo na shemeji tumalize. Nimempigia yule mama mwenyewe, maana aliniachia namba. Anasema hakuna aliyekaa naye, hakuna alichoelewa, ila kama mume wake atamweleza hela inakwenda wapi na wao watalala wapi, yeye hana kinyongo na mimi.

Nyumba bado naitaka, nisiwadanganye. Kwa hiyo nimemjibu dalali kwamba shemeji hayupo, nitakuja na wakili, tarehe atapanga mama, na karatasi itaandikwa upya na kusomwa kwa sauti mama akiwa amekaa kwenye kochi. Ujumbe umesomwa. Jibu sijapata.