Heaven Knows What: muvi ya mateja isiyo na mama ndani yake

Kijana wa library ya muvi pale Ngamiani, hapa Tanga, aliniuliza mara mbili. "Dada, hii haijatafsiriwa. Kizungu mwanzo mwisho, na ngumi hamna." Nikamwambia nijazie hivyo hivyo. Akanitazama kama ananiona nachagua papai bovu kwa hiari yangu, akanijazia kwenye flashi, shilingi 500, nikarudi zangu Makorora.

Niliitafuta kwa sababu ya sifa. Ni muvi ya bajeti ndogo ya ndugu wawili wa New York, Josh na Benny Safdie. Ilionyeshwa kwanza kwenye tamasha la Venice mwaka 2014, na mwaka huo huo ikabeba tuzo kubwa ya tamasha la Tokyo. Wahakiki wengi niliowasoma wanairudia sifa moja, kwamba ina ukweli. Mimi nina mtoto wa shangazi aliyekula unga miaka saba hapa hapa Tanga, kwa hiyo mtu wa Venice akiniambia ukweli, nataka niuone kwa macho yangu.

Mwigizaji mkuu ni Arielle Holmes, na anachoigiza ni maisha yake. Alikuwa analala mitaani na anatumia heroini. Josh Safdie alikutana naye akiwa kwenye utafiti wa muvi nyingine kabisa, akamhimiza aandike yaliyompata. Binti akaandika, tena kwa kompyuta za maonyesho kwenye maduka ya Apple, maana ya kwake mwenyewe hakuwa nayo. Kwenye muvi anaitwa Harley. Anampenda kijana anaitwa Ilya, na huyo Ilya, niseme tu, hapendeki. Hadithi inaanza pale anapomtaka binti athibitishe mapenzi kwa kujidhuru, na binti anafanya. Analazwa, anatoka, anarudi mtaani. Hayo ni mambo ya mwanzo mwanzo, sijakuharibia.

Kilichonishika ni hela. Muvi nyingi za unga zinakuonyesha macho yanavyolegea, na rangi, na ndoto. Hapa siku nzima inaliwa na kutafuta dola chache: kuomba, kudokoa vitu vidogo dukani na kwenda kuviuza, kukopa, kugombana kwa ajili ya kilichokopwa. Aliyewahi kuishi nyumba moja na teja anajua kwamba kazi yake hasa ni kutembea. Mtoto wa shangazi alikuwa anaamka kabla ya wauza mikate. Iliondoka taa ya baiskeli, ikaondoka sufuria, mwisho ikaondoka baiskeli yenyewe, na hapa Tanga mtu akikuibia baiskeli amekukata miguu. Yote hayo ni kwa ajili ya kete ya asubuhi tu, yaani dozi moja ya unga, jioni anaanza upya.

Wahakiki wameisifu sana kamera, na hapo nakubaliana nao. Mpiga picha, Sean Price Williams, anakaa mbali na lenzi ndefu, ng'ambo ya barabara, wapita njia wanapita zao, lakini nyuso za waigizaji zimejaa kioo kizima hadi unaona midomo ilivyokauka. Muziki ndio ulionikera. Ni vinanda vya umeme vya Mjapani Isao Tomita, vinalia juu ya ugomvi. Nikipunguza sauti nakosa maneno, nikiongeza jirani anagonga ukuta. Wapo pia waliolalamika kwamba muvi haielezi hawa vijana walifikaje huko. Hilo silioni kosa. Muulize teja yeyote wa hapa kwetu alianzaje, atakupa hadithi tatu kwa siku tatu, na kila moja anaiamini anapokusimulia.

Sasa mapenzi. Tanga hatuhitaji mgeni aje kutufundisha kuumizwa. Black Star na Lucky Star, vikundi vyetu vya taarabu, walishatuimbia kabla sijazaliwa. Ila kwenye taarabu aliyeumizwa anakuja amevaa, amejipaka, anamsema mtu wake kwa mafumbo, na mwenye kutunza anatunza. Harley hana fumbo hata moja. Anambembeleza mwanaume waziwazi, njiani, mbele za watu, mpaka nikawa nageuza uso. Na anapotetemeka hujui ni arosto, yaani mateso ya kukosa, ya unga au ni ya Ilya. Kwangu hapo ndipo muvi ilipofika mahali ambapo sijaona nyingine ikifika.

Lakini mama yuko wapi? Dakika tisini na kitu, hakuna mama, hakuna shangazi, hakuna jirani anayefunga dirisha akimwona anakuja. Shangazi yangu alikuwa analala na pochi kiunoni chini ya kanga, jikoni kafuli, na bado kila usiku sahani ya wali ilibaki kibarazani imefunikwa kawa. Labda New York ndivyo ilivyo. Mimi ukweli huo waliousifu nimeuona nusu.

Na kuna kosa nililofanya mwenyewe. Katikati ya muvi mtoto wa shangazi akaingia, akakaa. Siku hizi yuko kwenye methadoni, dawa ya kumsaidia mtu aachane na unga, mwaka wa pili, kila asubuhi anakwenda kunywa dozi yake mbele ya nesi. Lilipotokea bomba la sindano akainuka, akatoka. Nikadhani kaenda uani. Nilimkuta barazani anajisugua mkono pale pale kwenye makovu. "Dada, zima ile." Nikazima. Nikamalizia kesho yake peke yangu, na earphone masikioni. Katika sifa zote nilizosoma, "inaumiza kuitazama" limeandikwa kama pongezi, na hakuna aliyeonya kwamba usiiweke mbele ya mtu aliyeacha juzi.

Nyota nne kati ya tano kwa yule binti, mbili kwa muziki, na usiiangalie na watoto.

Wiki iliyopita tunakunywa chai, mtoto wa shangazi akaniuliza yule dada mwisho wake ulikuwaje. Nikamwambia anaishia mgahawani, amekaa na wenzake, wanapiga soga.

"Wana hela?" akauliza.