Nimelipia apu ya AI initungie shairi la arobaini ya babu, haya ndo yaliyonikuta

Nyota 3 kati ya 5, na hiyo ya tatu nimeitoa shingo upande. Jina la apu silitaji, jua tu ni moja ya hizi za kuchati na AI zilizotufurika tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, nimelipia mwezi mmoja elfu hamsini na kitu.

Ishu ilikuwa hivi, babu alifariki, arobaini inakaribia, na kwetu Tanga wa kusoma shairi ni mimi, hilo halina mjadala, ila safari hii kichwa kilikauka kabisa, nakaa na daftari mpaka saa nane usiku sina hata mstari. Nikasema ngoja nijaribu mashine. Nikaiambia nataka tarbia, yaani mistari minne kila ubeti, beti saba, mizani (silabi) nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho. Hata dakika haijaisha, imemaliza! Na chini imejisifia eti kila kipande kina mizani nane. Inaanza hivi:

Babu yetu mpendwa, umetuacha na huzuni,
Moyo wangu unalia, kama ndege wa jangwani

Hesabu kwa vidole. Mstari wa kwanza saba kwa tisa, jumla 16 sawa, lakini ndo nini sasa? Na kina cha kati, mpendwa na unalia wapi na wapi. Nikaikosoa, ikaomba radhi kwa adabu zote, ikaniletea sita kwa kumi. Hizi mashine haziioni silabi kama sisi, zinakata maneno vipande vipande kwa namna yake halafu zinabashiri kipande kinachofuata, kwa hiyo kuiambia ihesabu mizani ni kama kumpa fundi cherehani kijiko apimie kitambaa. Ilipofaa ni kutafuta vina, ukiomba maneno ishirini inakupa ishirini, ingawa matano hivi hajawahi kuyasema mtu yeyote.

Halafu ndege wa jangwani! Tanga jangwa liko wapi jamani, babu alikuwa mtu wa bahari na bao.

Hasira hiyo ndo ikaniamsha, nikafunga simu nikaandika:

Ile redio ya mbao, bado ipo dirishani,
Waja wenzio wa bao, wauliza u njiani

Zikatoka beti sita mpaka alfajiri, ya saba ikagoma. Basi nikachukua ule wa mashine, nikatengeneza mstari wa kwanza ukakaa sawa, ndege nikamwacha maana mizani yake ilitimia.

Kulikuwa na daktari mmoja wa upasuaji wa ubongo kule Manchester, Geoffrey Jefferson, mwaka 1949 alisema hatakubali mashine ni sawa na ubongo mpaka itunge shairi kwa sababu ya kitu ilichokihisi, siyo kwa bahati ya alama kuangukia mahali pake. Alan Turing, mwanahisabati wa mambo ya kompyuta, akamjibu mwaka uliofuata, kwamba kwa kipimo hicho hata binadamu mwenzako huwezi kujua anahisi nini mpaka uwe yeye. Mi nilikuwa upande wa daktari kabisa, tena kwa kelele.

Siku ya arobaini nimesoma, wazee wa bao wametikisa vichwa kwenye redio, nikafurahi. Nikafika kwenye ndege wa jangwani, shangazi akaangua kilio mpaka akatolewa nje. Shangazi alifanya kazi za ndani Muscat, Oman, miaka tisa, na bibi alipofariki hakupata ruhusa ya kuja kuzika. Kwenye ukoo wetu mzima anayelijua jangwa ni yeye peke yake.

Mashine haikujua hilo, sikuiambia kitu kuhusu shangazi. Na mimi niliyekuwa najua, sikuandika.

Mwezi ujao silipii. Shangazi ameniomba nimtumie ule ubeti WhatsApp, nimemtumia, ameuliza nilimuwaza yeye nilipouandika, bado sijajibu.