Kumpima kasuku virusi Maskati: kazi safi, majibu ndo shida
Nimempeleka kasuku wangu wa Kongo kliniki moja hapa apimwe PBFD, ule ugonjwa wa kunyonyoka manyoya na mdomo kuharibika, na dawa hauna. Dokta ana mkono mwepesi jamani, katoa damu kidogo shingoni, kang'oa na unyoya mmoja wenye damu kwenye shina, vyote vikaenda PCR, kile kipimo cha maabara kinachosaka vinasaba vya virusi. Nilipenda alivyosema ndege akitoka pozitivu bila dalili usimkatie tamaa, mtenge umpime tena baada ya siku 90, wengine virusi vinawatoka wenyewe. Ila majibu sasa, simu hawapokei mpaka uwatumie watsapu ya ukali, na bei imesimama kweli. Ukinunua kasuku mpya mpime kabla hujamchanganya na wenzake, vumbi la manyoya tu linaambukiza. Nawapa nyota nne.