Kwa nini bado namlipa msimamizi wa ukocha: uzoefu wangu Kampala

Nafanya ukocha wa mameneja wa ngazi ya kati hapa Kampala, si wa michezo bali wa mazungumzo ya kumsaidia mtu kuifikiria kazi yake, na siku nyingine naenda Jinja na Busia kukaa na vijana wenye biashara ndogondogo kama menta wao, yaani mlezi wao wa kibiashara. Mameneja hulipiwa na waajiri. Vijana hulipiwa na miradi, na wengine hawalipiwi na yeyote. Katika fedha zote ninazotoa kwa ajili ya kazi hii, iwe kozi, ada za uanachama au bando za intaneti, hakuna ninayoitoa kwa moyo mkunjufu kama ile ya msimamizi wangu wa kitaaluma. Naandika kwa sababu wenzangu wengi hushangaa wakisikia kwamba namlipa mtu anisikilize nikieleza kazi yangu. Wengine hudhani ni mkaguzi, kama wale wanaotumwa mashuleni na kwenye vituo vya afya na fomu za kutia alama ya vema.

Si mkaguzi. Ni mtu mwenye uzoefu wa kazi hiihii, aliyesomea kuwasikiliza makocha wenzake. Unampelekea mazungumzo yako na wateja: pale ulipokwama, pale palipokugusa kuliko ulivyotarajia, pale ambapo huoni vizuri mpaka wako unaishia wapi. Hatajiwi jina la mteja wala hatoi amri. Utaratibu huu makocha waliurithi kutoka kwa maafisa wa ustawi wa jamii na washauri nasaha, waliokuwa nao miaka mingi kabla yetu. Mtaalamu wa usimamizi Brigid Proctor wa Uingereza, katika miaka ya 1980, alieleza kazi tatu za utaratibu huo: kulinda maadili na viwango, kumkuza mtaalamu, na kumrudishia nguvu. Makocha wengi ninaowajua hufuata hiyo ya pili, mbinu mpya. Mimi nalipia hasa ile ya kwanza na ile ya tatu, na nitaeleza sababu.

Kwanza, ukocha kwetu hauna leseni ya serikali kama uwakili au udaktari. Mtu anaweza kumaliza semina ya siku mbili hotelini na wiki inayofuata akawa na kadi mfukoni na wateja. Hakuna bodi ya kumuuliza lolote. Pili, na hili ndilo zito, Kampala ni kubwa kwa foleni tu; kwa watu ni ndogo. Mteja wako mko naye SACCO moja, dada yake anaimba kwaya na wewe, na bosi wake alisoma na mumeo. Unabeba siri za watu ambao utakutana nao Jumamosi. Huwezi kumwambia mumeo, huwezi kumwambia rafiki, na wahenga walishasema mganga hajigangi.

Nitoe mfano mmoja. Mambo kadhaa nimeyabadilisha ili mhusika asitambulike.

Wanaoishi Uganda wanajua vikao vya harusi: kamati, mwenyekiti, bajeti ubaoni, kisha watu wanasimama mmoja baada ya mwingine kutoa ahadi. Nilikuwa kwenye kikao cha binamu yangu nikamwona mteja wangu ameketi safu ya mbele. Nilijua kutoka kwenye mazungumzo yetu kwamba biashara yake ya pembeni ilikuwa maji ya shingo na wafanyakazi wake walikuwa wanamdai. Mwenyekiti akamtaja kwa jina. Akasimama, akafunga kifungo cha koti, akaahidi shilingi milioni 1. Watu wakapiga makofi. Wakati anaketi macho yetu yakakutana, akayashusha haraka kwenye simu yake. Zamu yangu ilipofika nilitaja ahadi yangu kwa sauti ambayo mwenyekiti aliomba nirudie.

Sasa, wiki ile tulikuwa na kikao chetu cha ukocha. Nimuulize? Jambo hilo sikulipata kwake kama kocha, nililiona nje. Nikinyamaza, milioni ile itakaa mezani kati yetu kama mgeni wa tatu. Nikimuuliza, nitakuwa nimemfuata hadi kwenye harusi.

Nilimpelekea msimamizi wangu. Ni mama anayeishi Nairobi, tunakutana kwa Zoom, mimi namwita Mwalimu naye ananiita dada. Nilimsimulia mbio mbio. Nilitaka tu aniambie niulize au nisiulize. Akaniacha nikamaliza, akanywa maji, kisha akasema, “Dada, umenieleza yote haya bila kupumua, na mimi hapa nimeanza kuhisi nina deni lako la jibu kabla saa haijaisha. Kuna mtu mwingine anayekufanya ujisikie hivi?”

Kulikuwa na mtu. Mteja yuleyule, kila kikao, huja na haraka hiyohiyo: niambie nifanye nini, nina dakika kumi kabla ya mkutano. Nilikuwa nimeibeba haraka yake kutoka ofisini kwake hadi kwa Mwalimu. Wataalamu wa usimamizi wanalijua jambo hili kwa muda mrefu, kwamba yanayotokea kati ya kocha na mteja hujirudia kati ya kocha na msimamizi wake. Kuambiwa darasani ni kitu kimoja. Kuliona likitokea kwako, kwenye kioo cha kompyuta, ukiwa umeshikilia kikombe cha chai, ni kitu kingine kabisa.

Kuanzia hapo mazungumzo yakatulia. Aliniuliza niliiona ahadi ile kama kocha au kama ndugu wa bwana harusi. Aliniuliza kwa nini sauti yangu ilipotea. Nikazungumza juu ya marehemu baba yangu, ambaye hakuwahi kukosa kwenye orodha ya wachangiaji hata muhula ambao ada zetu hazikuwa zimelipwa. Ile kufa na tai shingoni nimeiishi nyumbani. Hisia ya kutaka kumlinda mteja wangu asiaibike ilikuwa na miaka mingi kuliko mteja mwenyewe. Mwalimu hakunifanyia tiba. Alinionyesha tu kipi ni changu na kipi ni cha mteja, akanirudisha kazini. Tukakubaliana nisianze na milioni bali na makubaliano yetu: tukikutana nje, yeye angependa tuwe vipi? Nilipomuuliza swali hilo, alicheka kidogo, akanyamaza, kisha akaileta milioni mwenyewe.

Baadaye Mwalimu alinieleza kwamba tulikuwa tumepita karibu madirisha yote ya mfumo wa macho saba, ambao mtaalamu wa usimamizi Peter Hawkins aliuanzisha miaka ya 1980 na kuuendeleza pamoja na Robin Shohet. Unaangalia mteja na hali yake, kisha hatua alizochukua kocha, kisha uhusiano wao, kisha kocha mwenyewe na yanayomgusa, kisha yanayojirudia hapa kwenye usimamizi, kisha anayoyahisi msimamizi, na mwisho mazingira yote yanayowazunguka: mwajiri, ukoo, uchumi, mila. Kwa Uganda hilo la saba ni nusu ya kazi. Hapa ndipo huduma ninayolipia ina upungufu wake. Mwalimu anazifahamu sana harambee za harusi, lakini nafasi ya ssenga hakuijua. Vijana wa kike ninaowalea kibiashara hunichukulia kama ssenga wao, yule shangazi ambaye kwa mila ya Baganda humfunda binti mambo ya ndoa. Tunaanza na daftari la mauzo, tunaishia kwa mume. Ilibidi nimweleze taratibu, na saa ya kulipia ikaenda hivyo. Kwa wenzangu wa kikundi cha usimamizi ninachohudhuria pia hapa Kampala ningetaja neno moja tu na wote wangeelewa.

Kuhusu hao vijana, kuna jambo Mwalimu alilisisitiza ambalo ningependa kila menta wa Uganda alishike. Menta si mshauri nasaha wala si polisi, na anapaswa kujua kabla ya siku yenyewe atampeleka wapi kijana anayefichua kwamba anaumizwa. Kwa walio chini ya miaka 18 ninayo namba ya Sauti 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto, imeandikwa ndani ya jalada la daftari langu. Tuliandika pia sentensi nitakayomwambia kijana mwanzoni kabisa, kwamba siri ina mpaka, na mpaka huo ni usalama wake.

Yupo msimamizi niliyeanza naye kabla ya huyu, na sitamtaja. Kila nilipoleta jambo, jibu lilikuwa hadithi ya namna yeye alivyolitatua, na kikao kilimalizika kwa tangazo la kozi yake inayofuata. Mbaya zaidi, alikuwa anafanya kazi na kampuni mojawapo iliyokuwa inanilipa, na hakusema hadi nilipogundua mwenyewe. Nilisikitika sana, kwa sababu nilikuwa nimeshamweleza mengi. Hakuwa na mkataba wa maandishi wa namna atakavyotunza niliyomwambia.

Mwalimu alianza na mkataba: kurasa mbili, nani anahifadhi nini, kwa muda gani, na ni mazingira gani yatamlazimu kuvunja usiri. Hapokei habari za wateja kwa sauti za WhatsApp, hata ukiwa umekwama vipi, unapanga muda. Nikitaka kurekodi kikao na mteja ili tusikilize pamoja, anataka kuona ridhaa ya mteja kwa maandishi. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na makocha wengi wana rekodi za watu kwenye simu zao bila kufikiria kwamba sheria hiyo inawahusu.

Swali la bei. Mimi nalipa shilingi 200,000 za Uganda kwa saa ya watu wawili tu mtandaoni, na 70,000 kwa kikao cha kikundi cha saa mbili tunachofanya Bukoto, watu wasiozidi sita. Si kidogo. Kikundi kina faida kubwa: unasikia kesi za wenzako na kugundua hauko peke yako. Lakini kesi za mameneja sizipeleki pale, kwa sababu ndani ya hao wachache kuna wanaofahamiana na waajiri wangu. Mtandao ukikatika katikati ya sentensi nzito inauma, nao hukatika. Siku hizi nawasha bando la pili kwenye simu kabla hatujaanza.

Mara ngapi? EMCC, baraza la makocha na mamenta lenye asili ya Ulaya, huwaelekeza makocha wake wazoefu kupata saa 1 ya usimamizi kwa kila saa 35 za kazi, isipungue saa 1 kila robo mwaka. ICF, shirikisho la makocha la Marekani, haliulazimishi usimamizi, ila huhesabu hadi saa 10 za usimamizi katika zile 40 za kujiendeleza unazohitaji ili kuhuisha cheti kila baada ya miaka 3. Zile saa 10 nyingine za ICF ambazo kocha hufanya na kocha mzoefu kabla ya kupata cheti ni kitu tofauti: pale unapimwa umahiri wa kuuliza na kusikiliza. Kama unatafuta cheti, anza na hizo. Usimamizi haukupi cheti chochote cha kutundika.

Kabla ya kumlipa yeyote, muulize kama yeye mwenyewe ana msimamizi. Akiguna au akikwepa, ondoka. Muulize pia anafanya kazi na kampuni zipi mjini, na uombe kikao kimoja cha kujaribu kabla ya kusaini kifurushi chochote. Kwa kocha wa wateja wa kampuni, ningeanza na vikao vya watu wawili tu, tena na mtu aliye nje ya Kampala. Kwa menta wa vijana ambaye kipato ni cha kuokoteza, kikundi kinatosha kabisa. Tena gharama hiyo isitoke mfukoni mwake. Mwaka huu nimeanza kuiandika kwenye bajeti ninazopeleka kwa miradi, mstari wake wenyewe, chini ya usafiri. Mradi mmoja ulihoji, nikaenda kuwaeleza ana kwa ana, wakaupitisha.